Barua kwa mwanangu: Lutie Johnson alikuwa mama

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata na nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema umemaliza kusoma The Street, riwaya ya Ann Petry, kwa vipande vipande, usiku baada ya zamu, na kwamba umeifunga ukiwa na hasira. Umeniuliza: mwanamke anayempenda mwanawe anawezaje kupanda treni kwenda Chicago na kumwacha mtoto wa miaka minane mikononi mwa serikali? Tena ukataka nikuambie bila kuzunguka kama mtu wa namna hiyo mimi ningemwita mama.

Ningemwita mama. Nivumilie nikueleze, maana riwaya hii nimeirudia mara nyingi, na kila nikiisoma nakasirika vilevile kama wewe, ila hasira yangu haikomei kwa mama huyo, Lutie.

Wewe umeanzia kwenye treni. Mimi naomba tuanzie saa tisa alasiri, watoto wanapotoka shule. Lutie ni karani, na kazini anatoka jioni. Mume wameachana. Bibi aliyemlea amekwisha kufa. Baba yake yuko, lakini anaishi na mwanamke ambaye Lutie hataki hata kidogo amkaribie mtoto, na hiyo ndiyo sababu ya kwenda kupanga barabara ya 116, Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, vyumba vitatu vyenye giza, ghorofa ya juu kabisa. Kati ya kengele ya shule na jioni, mwanawe, Bub, yuko peke yake. Anaogopa. Anawasha taa, kisha anagombezwa kwa ajili ya bili ya umeme. Basi anashuka chini kwenye watu, na aliyeko chini ni Jones, msimamizi wa jengo.

Kwangu mimi kitabu kizima kimo katika saa hizo chache. Jones alimtamani mama, usiku mmoja akajaribu kumburuta kwa nguvu kwenda chini ya jengo, akashindwa kwa sababu Bi Hedges wa ghorofa ya chini alitokea. Kisasi chake akakipitishia kwa mtoto: akamchongea ufunguo, akamwambia wanasaidia polisi kuwanasa wahalifu, na Bub akawa anafungua masanduku ya barua ya watu. Mwanzoni mtoto alikataa. Alikubali baada ya kumwona mama yake amekata tamaa kwa sababu ya pesa, akaona hii ndiyo njia ya kumsaidia. Soma tena sura hizo polepole. Mtoto anaiba kwa sababu anampenda mama, na mama hayupo kwa sababu anampenda mtoto. Sijui riwaya nyingine iliyolisema jambo hili kwa ukali namna hii.

Petry hakukisia. Alizaliwa mwaka 1908 Old Saybrook, mji mdogo wa Connecticut, katika familia ya wafamasia Weusi, na yeye mwenyewe alisomea ufamasia. Alihamia Harlem mwaka 1938 baada ya kuolewa, akawa mwandishi wa magazeti ya hapo, Amsterdam News, halafu The People's Voice. Alifanya kazi pia katika mradi wa elimu uliotazama jinsi ubaguzi unavyowaathiri watoto wa shule za Harlem. Kwa hiyo wale watoto wenye ufunguo wa nyumba shingoni aliwafahamu. Hata kisa cha msimamizi wa jengo anayemfundisha mtoto kuiba barua alikitoa kwenye habari ya gazeti. Mwaka 1945 kampuni ya Houghton Mifflin ilimpa tuzo ya dola 2,400 ili akimalize kitabu, na kilipotoka mwaka 1946 kikauza nakala zaidi ya milioni moja. Kabla yake hakuna riwaya ya mwanamke Mmarekani Mweusi iliyokuwa imefikia idadi hiyo.

Sasa turudi nyuma kidogo, Lyme, Connecticut, kwa akina Chandler. Umeniambia sehemu hiyo ulipita haraka. Irudie. Mume wa Lutie, Jim, hapati kazi. Wanajaribu kulea watoto wa serikali nyumbani kwao Jamaica, Queens, hukohuko New York, wapate cha kulipia nyumba, na mpango huo unaharibika. Basi Lutie anakwenda kuwa mtumishi wa ndani kwa akina Chandler hao, Wazungu matajiri, mbali na nyumbani. Anapika, anafua, anamlea mtoto wa tajiri. Nyumbani anakwenda kwa nadra ili aokoe nauli. Wanawake wanaokuja kula chakula alichokipika wanamtazama kama mtu aliyekuja kuwaibia waume. Nyumbani nako, yule mume aliyekaa bila kazi anachukua mwanamke mwingine.

Hapo ndipo ninapomkumbuka dada aliyekulea wewe. Alikuja kwetu Magomeni kutoka milima ya Usambara, mwanawe akiwa amemwacha kwa bibi yake. Alikuogesha, alikubembeleza, alijua uji wako unaupenda mzito kiasi gani. Mwanawe alimwona sikukuu. Mshahara ukitoka, sehemu kubwa ilipanda basi kwenda kijijini kununua daftari na sare. Mtaani kwetu sikumsikia mtu akimwita mama mbaya, maana kila mmoja alielewa kilichomleta mjini. Lutie amefanya lilelile. Alichokosa ni yule bibi kijijini.

Na usidhani alikuwa peke yake katika hali hiyo. Mwaka 1940 zaidi ya nusu ya wanawake Weusi wenye ajira Marekani walikuwa watumishi wa majumbani. Sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, ile iliyoleta pensheni ya uzeeni na bima ya kukosa kazi, iliwaacha nje watumishi wa ndani na vibarua wa mashambani, kazi ambazo Weusi wengi ndizo walizokuwa wakizifanya. Mwaka huohuo wa 1935 waandishi Weusi Ella Baker na Marvel Cooke waliandika katika jarida la The Crisis juu ya wanawake Weusi waliosimama kwenye pembe za barabara za Bronx wakingoja mama wa Kizungu apite, awatazame, awachague kwa kazi ya kutwa, kwa senti chache kwa saa. Huko Bronx unakoishi wewe leo. Cooke naye baadaye aliandikia The People's Voice, gazeti la Petry.

Halafu nyumba. Unashangaa kwa nini hakuhama. Ahamie wapi? Katika miji mingi ya Marekani wenye nyumba Wazungu walikuwa wakiandikishana mikataba ya kutomuuzia wala kutompangisha Mweusi, na ni mwaka 1948, miaka miwili baada ya kitabu kutoka, ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokataza mahakama kuilazimisha mikataba hiyo. Kabla ya hapo watu walibanwa Harlem, na mwenye nyumba akijua mpangaji hana pengine pa kwenda, kodi huipandisha na dari huiacha ivuje. Petry anakionyesha hiki mpaka kwenye korido: uvundo, giza, upana wa kupita mtu mmoja tu.

Lipo jambo moja ambalo naona wasomaji wengi wanalipita. Lutie ni mtu wa imani kubwa. Siku moja anatembea na mikate mikononi, anamfikiria Benjamin Franklin aliyeingia Philadelphia kijana, maskini, na mkate wake, akaja kuwa mtu mkubwa. Anajiambia: na mimi nikibana matumizi, nikifanya kazi usiku na mchana, nitafika. Imani hiyo aliichukua mezani kwa akina Chandler, akiwasikia wakisema kwamba katika nchi hii kila mtu anaweza kutajirika. Na amejitahidi kweli! Alisoma taipu na hatimkato usiku huku akifanya kazi mchana, akafaulu mtihani wa serikali akapata ukarani. Ananiuma sana, mwanangu, kwa sababu hakuna hata kipande kimoja cha kazi alichokwepa.

Lakini imani ile ilimfundisha pia kusimama peke yake. Jirani kwake ni mtu wa kukimbiwa. Mtaa anaupita haraka, mlango anaufunga. Anampiga Bub kofi kwa kung'arisha viatu njiani, akihofia kwamba mtoto Mweusi akiishika ile brashi leo, kesho hatatazamwa kama mtu anayeweza kazi nyingine. Hofu hiyo ni ya kweli; hata mwalimu wa Bub shuleni anawatazama watoto wale kwa kinyaa na woga. Ila kofi lilimwondoa Bub kwenye viatu, likamwacha na Jones. Mlinganishe na Min, yule mwanamke mnyonge anayeishi na Jones. Min hana elimu, hana uzuri, amezoea kudhulumiwa. Anakwenda kwa mganga, anapewa msalaba wa kutundika juu ya kitanda, unga na mishumaa, lakini naona kilichomponya hasa ni kwamba yule mganga alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza. Min anaondoka mwenyewe, mzima. Nakwambia, Petry aliwaweka wanawake hawa wawili chini ya paa moja kwa makusudi.

Nimefika kwenye mambo yaliyokukasirisha. Bub anakamatwa. Lutie anakimbilia kwa wakili, na wakili anamtajia dola 200. Kesi ile haikuhitaji wakili. Yule bwana anajua, anashangaa moyoni kwamba mama huyu hajui, anazitaja pesa hivyohivyo. Kisha mama anakwenda kumwona mtoto kule wanakoshikiliwa watoto, anaketi chumba cha kungojea pamoja na wanawake wengine, na miongoni mwao anaona Wazungu pia. Anajiuliza kama labda wote wamekaa pale kwa sababu ya umaskini, si rangi peke yake. Ni mawazo ya dakika chache tu, na Petry hayakuzi, ila mimi huwa nasimama hapo. Mwandishi aliyejaza kitabu kizima ubaguzi wa rangi alikuwa na ujasiri wa kuketisha akina mama hao wote benchi moja.

Dola 200 hana. Aliwahi kuimba ukumbini akitumaini kulipwa, malipo hakupata, kwa sababu Junto, tajiri wa Kizungu mwenye baa na kumbi na majumba, anamtaka na hapendi awe na senti yake. Hata Bi Hedges aliyemwokoa usiku ule alikuwa akimtunza kwa ajili ya Junto. Lutie anakwenda kuzikopa kwa Boots, mwanamuziki Mweusi anayeishi kwa fadhila ya tajiri huyohuyo, na Boots anataka kumwingilia kwanza yeye kwa nguvu kabla ya kumpeleka kwa Junto. Kile kinara cha mishumaa alichokishika Lutie kilimpiga Boots, lakini Petry anatuambia wazi kwamba mapigo yaliulenga mtaa ule, vyumba vile, mume aliyevunjika, wanawake wale wa Kizungu. Amekwisha kuua. Anaona mtoto wa mwuaji hatapata nafasi hata ndogo, na kwamba Bub akibaki bila yeye huenda akasalimika zaidi. Hesabu hiyo haikuwa sahihi; akili yake wakati ule imechoka kabisa. Lakini ni hesabu ya mama. Hata ndani ya treni bado anamhesabia mtoto.

Mwisho huo wapo wanaoulaumu, wanasema mwandishi amemfungia Lutie milango yote. Mimi nauona wa haki. Angemwokoa Lutie kwa bahati, wale milioni moja walionunua wangelala usingizi mzuri, na Harlem ingebaki vilevile.

Sasa nikwambie kilichonishtua katika ujumbe wako, nacho si Lutie. Ulisema kwa kupitia tu kwamba mama wa Kisenegali wa mlango wa pili amejitolea kumpokea mjukuu wangu shuleni siku za zamu ndefu, na wewe unasitasita kwa kuona aibu kuwa mzigo kwa mtu. Mwanangu, kubali. Kubali wiki hii, usingoje mwisho wa mwezi. Akikataa pesa usimlazimishe, mpikie. Nimempa shangazi yako doti mbili za khanga, anasafiri karibuni; moja yako, nyingine ya mama huyo, mpelekee wewe mwenyewe mkononi pamoja na salamu zangu, na uniambie anaitwa nani nijue wa kumwombea.

Mama yako