Wavu wa ngiri: maswali ya wasomaji

Mume wangu ana ngiri ya kinena. Daktari anataka kumwekea wavu wa plastiki wa kuimarisha ukuta wa tumbo pale ngiri inapotokeza. Hautaoza humo ndani, au kumtia sumu?

Hauozi, na ndiyo sababu unatumika. Nyavu nyingi ni za polipropilini, plastiki ileile ya baadhi ya nyuzi za kushonea zisizoyeyuka. Mwili huuona wavu kama kitu kigeni, unaleta seli za ulinzi, kisha nyama mpya huota kupitia matundu yake na kuushika. Kwa hiyo cha kuangalia zaidi ni matundu. Bakteria ana upana wa mikroni 1 hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali seli kubwa zinazommeza huzidi mikroni 10. Tundu dogo kuliko hapo linampa mwizi maficho ambayo polisi haingii. Wavu unaofaa una matundu yanayozidi mikroni 75, na nyavu nyingi za siku hizi zina matundu ya milimita 1 au zaidi. Kwa sababu hiyohiyo uzi mmoja mzima ni bora kuliko uzi uliosokotwa, wenye mianya katikati.

Ukubwa nao una maana. Kwa mtu mzima anayepasuliwa kwa njia ya kawaida, kipande huwa karibu sentimita 7 kwa 15, na kinatakiwa kiupite mfupa wa kinena kwa sentimita 2 hivi. Kovu likikomaa wavu husinyaa, na ukiwa umekatwa kwa ubahili ngiri hutokea tena pembeni, hasa upande wa mfupa huo.

Nasikia wanawake waliowekewa wavu kama huu waliumia hadi ukapigwa marufuku. Sasa mbona sisi tunawekewa?

Ni kweli. Aprili 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaamuru watengenezaji waache kuuza nyavu za kushikilia viungo vya ndani ya nyonga vilivyoshuka, kama kizazi au kibofu, zile zinazopachikwa kupitia ukeni. Kilichobadilika hapo si plastiki bali mahali. Ukuta wa uke ni mwembamba, unanyumbuka kila mara, na wavu hupitishwa penye bakteria wengi. Kwa baadhi ya wanawake ulichomoza nje ya ukuta huo, ukaleta maumivu na kutokwa damu, na kuutoa ni kazi ngumu kwa kuwa nyama imeshaota ndani yake.

Kinenani wavu hukaa katikati ya tabaka za misuli. Hata hivyo asikudanganye mtu kwamba hauna madhara: wapo wanaobaki na maumivu kwa miezi au miaka, mara nyingi kwa sababu neva imenaswa na mshono au kovu. Muulize daktari wako neva atazikwepaje. Na kama wavu utawekwa ndani ya tumbo, uliza kama upande unaogusa utumbo una utando wa kinga. Polipropilini tupu hugandamana na utumbo, na baadaye inaweza kuutoboa.

Nina wavu tangu mwaka jana. Naruhusiwa kupimwa kwa MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku? Na niogope dalili gani?

Polipropilini si chuma, hivyo sumaku ya MRI haiivuti. Lakini baadhi ya nyavu hubanwa kwa vipini vya chuma, kwa kawaida titani. Mwambie mpimaji mapema.

Uvimbe laini wa majimaji katika wiki za mwanzo kwa kawaida hunywea wenyewe. Usikubali utobolewe ovyo kwa sindano, maana sindano hiyo ndiyo inayoweza kuingiza bakteria. Ngozi ikiwa nyekundu na ya moto, ukapata homa, au kidonda kikatoa usaha, hata baada ya miezi mingi, rudi hospitali. Uvimbe mgumu unaouma na haurudi ndani, pamoja na kutapika, haungoji kesho.

Omba pia nakala ya lebo ya wavu wako, yenye jina la aina na namba ya toleo. Daktari atakayekupasua siku nyingine ataihitaji.