Maswali ya Jikoni: Mchuzi wa Viazi Vitamu na Maharage

Swali: Nikipika mchuzi wa viazi vitamu na maharage, viazi husagika, tui hukatika, na utamu huzidi hadi watoto wanasusa. Nakosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Dada, inaelekea unatia kila kitu kwa pamoja. Uchachu wa nyanya huchelewesha kuiva kwa maharage, lakini huohuo husaidia kiazi kishikamane kisivurugike. Basi nyanya zisikutane na maharage kabla hayajaiva, na viazi visiingie kabla ya nyanya.

Kwa watu sita, loweka maharage robo kilo usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya hadi haragwe libonyee kati ya vidole viwili bila kiini kigumu. Magadi usitie: hulainisha haraka, ila hupoteza vitamini B1.

Viazi viwe kilo 1, nusu viazi lishe vya rangi ya chungwa, nusu vyeupe vyenye unga. Viazi lishe kwa kawaida vina maji mengi na hulainika kwanza, kwa hiyo vikate vipande vya sentimita 5, vyeupe sentimita 3. Viache ndani ya maji visigeuke vyeusi.

Kaanga vitunguu maji 2 kwa vijiko 2 vya mafuta. Vikianza kuwa vya kahawia tia kitunguu saumu punje 4, tangawizi iliyotwangwa kijiko 1 cha chai, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, kisha nyanya 4 zilizokatwakatwa. Hapa usiwe na haraka. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikifunikwa na maji papo hapo, nyanya bado. Zikishaiva, njia hubaki wazi kidogo na mafuta hujitenga pembeni.

Mimina maharage na supu yake, tui jepesi vikombe 2, na chumvi. Mchuzi ukishachemka ndipo utie viazi. Kiazi kinachoanzia kwenye maji baridi hupata moto polepole, na wanga wake hupata muda wa kugeuka sukari. Huo ndio utamu unaowachosha watoto. Punguza moto, funika nusu, subiri dakika 15 hadi 20. Usikoroge kwa mwiko; shika sufuria kwa vitambaa uizungushe.

Kisu kikipenya lakini kipande hakikatiki chenyewe, tia fungu 1 la matembele yaliyokatwa na tui zito kikombe 1. Kuanzia hapo mchuzi uchezecheze tu kwa dakika 5, kwa kuwa tui zito likitokota kwa nguvu hukatika. Ndimu nayo hukata tui likiwa motoni, kwa hiyo kamua nusu baada ya kuepua. Itaupunguza na ule utamu.

Ukipika kwa ajili ya watoto wadogo, viazi lishe usiviache. Rangi ile ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na hufyonzwa vizuri ikiwa pamoja na mafuta. Tui linatosha. Viazi vyeupe vina kiasi kidogo mno.

Swali: Viazi vitamu vilivyokaa wiki nzima kwenye friji vimechemka saa nzima, katikati bado vigumu. Niongeze moto?

Jibu: Utamaliza mkaa bure, ndugu. Kiazi kitamu hakistahimili baridi. Kikikaa chini ya nyuzi 12 hivi hudhurika ndani, na kiini hukaza kisilainike tena. Weka viazi ndani ya kapu, bila kuviosha, mahali pakavu penye kivuli na hewa. Vilivyochubuka pika kwanza.

Swali: Kiazi kimetobolewa na fukuzi. Nikikata sehemu mbaya, kinafaa?

Jibu: Hapana, mama. Kiazi kikishambuliwa hutengeneza kemikali chungu za kujikinga, nazo zina sumu. Huenea kupita matobo unayoyaona, na kupika hakuziondoi zote. Kipasue: ukikuta vijia vyeusi na harufu kali, tupa. Kipande kimoja kinatosha kuutia uchungu mchuzi wote. Wala usimpe ng'ombe, maana viazi vilivyoharibika hivyo huweza kumdhuru mapafu hadi afe.