Kuanza kusoma tenzi za kale: sikio kabla ya kamusi

Anayeanza kusoma tenzi za kale hapa Nairobi hukwama mapema sana. Chukua Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mapema tu, baada ya beti mbili, unakutana na vipande hivi: "Ndoo mbee ujilisi / na wino na karatasi." Msomaji aliyelelewa Umoja au Kawangware anaona ndoo ya maji. Anafungua kamusi, kamusi nayo inamwambia ni ndoo ya maji, na kitabu kinarudi rafuni. Kumbe mama mgonjwa anamwita mwanawe: njoo mbele uketi, ulete wino na karatasi.

Kwa hiyo usianze na kamusi. Anza na sauti. Lahaja ya Kiamu, yaani Kiswahili cha Lamu ambacho utendi huu umetungwa nacho, ina mabadiliko machache ya sauti yanayojirudia, na ukiyashika, nusu ya maneno unayodhani ni mageni yatakuwa yako tangu utotoni. Penye nj pana nd: njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Penye ch pana t: macho ni mato, kucheka ni kuteka. Penye j mara nyingi pana y, kama pamoya kwa pamoja, au haipo kabisa, kama mai kwa maji. Vi- na vy- huwa zi- na z-: vyombo ni zombo. L nayo hudondoka katikati ya neno, ndiyo maana mbele ikawa mbee. Andika haya kwenye kikaratasi kimoja ukiweke ndani ya kitabu. Kamusi ibaki kwa maneno ya Kiarabu na ya kikale kama ujilisi (uketi) au upulike (usikie).

Kisha soma kwa sauti na uhesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole. Utenzi una vipande vinne katika kila ubeti, na kila kipande mizani 8. Jaribu na kipande cha kwanza kabisa: "Negema wangu binti." Wengi huhesabu 7 na kudhani pana kosa la uchapaji. Hesabu tena: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Ile n ya binti inasimama peke yake. Vivyo hivyo m katika "sikupata kutamka": si-ku-pa-ta-ku-ta-m-ka. Mizani ikikataa, ama umemeza silabi ama toleo lako lina tatizo. Kina cha kipande cha nne, yaani sauti yake ya mwisho, ndicho kinachofunga utenzi mzima, basi ukifika hapo tua, uvute pumzi. Ukikimbia hadi ubeti unaofuata bila kutua, maana inachanganyika.

Beti 5 kwa siku zinatosha. Utenzi huu una beti mia moja na chache, yaani wiki tatu hivi. Mara ya kwanza soma zote tano bila kusimama hata usipoelewa. Mara ya pili tumia kile kikaratasi. Mara ya tatu ziseme kwa Kiswahili chako cha kila siku, hata kama kina Sheng kidogo. Usichoweza kukisema kwa maneno yako hujakielewa bado.

Ukinunua kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji, fungua nyuma kwanza uone kama sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, bado ipo, maana kurasa za mwisho ndizo hung'oka mapema. Matoleo hutofautiana, na sababu ni hati. Tenzi hizi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambapo herufi moja iliweza kusimamia b, p au mb, na alama moja ya irabu ikasimamia i na e, nyingine u na o. Neno likikataa kuleta maana, badilisha irabu, au b uifanye mb, usome tena.

Liko kosa moja la shuleni linaloumiza kweli. Mwanafunzi anaona mbee, anaandika "inkisari" (kufupisha neno). Anaona mato, anaandika "tabdila" (kubadili herufi). Mshairi hakufupisha wala kubadili kitu ili apate mizani. Hivyo ndivyo watu wa kwao walivyozungumza nyumbani na sokoni. Uhuru wa mshairi upo, ila utafute baada ya kujua lahaja yake.

Baada ya hapo nenda kwa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Mshororo wake, yaani mstari mzima, una mizani 16, nane kwa nane, na mengi aliyatunga katikati ya ugomvi wa Wamazrui, waliotawala Mombasa, na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Soma kwanza kurasa chache za historia ya Mombasa hadi 1837, la sivyo mafumbo yake yatakupita.

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir iache iwe ya tatu. Ni fupi, lakini nzito. Utakapofika kwenye magofu ya Pate, mji wa kale karibu na Lamu, utakuta madaka (vishubaka vya ukutani) ya "zisahani" ambamo sasa "walaliye wana wa nyuni". Zisahani ni visahani, nyuni ni ndege, na walaliye ni wamelala, kwa umbo la kale la wakati uliotimia.