Tailizi zinazolia tupu, Uyole, Mbeya

Dada, hizo tailizi za sebuleni zinazolia tupu na kuinuka karibu na ukuta, fundi aliweka gundi kwa madonge. Katikati pamebaki hewa. Zigonge moja moja kwa mpini wa bisibisi, zinazolia uziweke alama ya chaki. Hizo zing'olewe, gundi ya zamani ichongwe yote, vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kwa tailizi za sentimita 60x60 fundi atumie mwiko wa meno ya milimita 10, apake na mgongoni mwa tailizi. Aache nafasi ya milimita 8 ukutani, sketingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaificha. Bila hiyo zitainuka tena. Baridi hii ya Julai msizikanyage kabla ya saa 48 kupita.