Maswali na majibu: kutoka kiini kimoja kwenda viini viwili

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu jambo moja: zile kompyuta za mezani za okazioni zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya, ambazo hapa Bukavu bado zinaandika barua, vyeti na kazi za wanafunzi kutwa nzima. Wenyewe wanataka kutoa prosesa (chipu inayofanya hesabu zote za mashine) ya kiini kimoja na kuweka ya viini viwili, yaani yenye sehemu mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Ni wazo zuri, mradi mtu ajue ubao mama wake kabla ya kufungua pochi.

Niko na sekretaria ndogo (duka la kuchapa) hapa Kadutu. Mashine yangu ni Pentium 4 ya 3.0 GHz, soketi (kikalio cha prosesa kwenye ubao) 775. Kijana mmoja ananiuzia Core 2 Duo E6300, anasema soketi ni ileile, itaingia tu. Nimpe pesa?

Usimpe bado, mama. Kuingia itaingia, shida ni kuwaka. Soketi 775 ilitoka mwaka 2004 ikadumu miaka mingi, ikapokea Pentium 4, Pentium D, Core 2 Duo, hadi Core 2 Quad. Zote zina umbo moja kwa chini, lakini kila kizazi kinadai umeme kwa namna yake, na ubao uliotengenezwa kabla ya kizazi hicho haujui kukihudumia. Ndiyo maana mtu anafunga prosesa, feni inazunguka, skrini inabaki nyeusi, naye anadhani ameuziwa kitu kibovu kumbe prosesa ni nzima kabisa.

Anayeamua hapa ni chipseti ya ubao, zile chipu zinazoiunganisha prosesa na sehemu nyingine. Chipseti za 915 na 925, zilizotoka pamoja na soketi hiyo mwaka 2004, hazikubali viini viwili. Za 945 na 955 za mwaka 2005 zinakubali Pentium D, lakini kwa Core 2 Duo inategemea mtengenezaji: kuna mbao za 945 zinazoipokea na nyingine zinazoikataa, kwa sababu ya sehemu ya umeme au kwa sababu ya BIOS, programu ndogo ya kwenye ubao inayoiwasha mashine. Chipseti ya 965 ya mwaka 2006 ilitengenezwa kwa ajili ya Core 2 Duo, na G31 na G41 zilizofuata zinaipokea pia.

Kama mashine yako ni Dell, soma jina lililo mbele ya kasha. OptiPlex GX280 ni ya 915, usiigharimie prosesa. GX620 ni ya 945: Pentium D ndiyo, Core 2 Duo hapana. OptiPlex 745 inapokea Core 2 Duo bila ugomvi. Kwa HP ngazi ni zilezile: dc7100, kisha dc7600, kisha dc7700.

Kama ni mashine ya kuunganishwa, isiyo na jina la kampuni, fungua ubavu utazame jina la ubao lililochapwa kwa herufi nyeupe kati ya nafasi za kadi. Au weka CPU-Z, programu ya bure, itakuonyesha jina la ubao na chipseti bila kufungua chochote. Ukishapata jina, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji orodha ya prosesa ambazo ubao huo unakubali. Orodha hiyo ndiyo ya kuamini, kuliko kijana, kuliko hata mimi.

Ukiwa umeshafungua, tazama kapasita, vile vimkebe vya duara vilivyosimama karibu na prosesa. Vichwa vyake viwe bapa. Kikivimba kimoja au kikatoa ute wa kahawia, ubao huo unaelekea kufa, na prosesa mpya itauharakisha. Mbao nyingi za miaka ile zilitoka na kapasita mbovu.

Ubao ukikubali, mwambie kijana aje na prosesa yake muijaribu kwenye mashine yako. Ikiwaka hadi Windows, lipa.

Mimi ni mwanafunzi, Ibanda. Sielewi: natoka Pentium 4 ya GHz 3.0 naenda Core 2 Duo E6300 ya 1.86. Si narudi nyuma? Na viini viwili ni kasi mara mbili?

Hapana, mdogo wangu, huko si kurudi nyuma. GHz inahesabu mapigo kwa sekunde. Haisemi ni kazi kiasi gani inafanyika katika kila pigo. Pentium 4 za soketi 775 zilijengwa ili zipige mapigo mengi, na ili kufika huko kila amri ilikatwa katika hatua 31. Ikitokea prosesa imekisia vibaya amri inayofuata, hatua hizo zote zinamwagwa na kuanza upya. Core 2 Duo ina hatua 14, na katika pigo moja inamaliza amri nyingi zaidi. Kwa hiyo hata kiini kimoja cha 1.86 kinashinda ile 3.0 yako katika kazi za kawaida.

Kuhusu mara mbili, hapana. Sekretaria yenye wachapaji wawili haimalizi barua moja kwa nusu ya muda. Inatoa barua mbili kwa pamoja. Gene Amdahl alilionyesha jambo hili kwa hesabu mwaka 1967. Chukua kazi ya dakika 10 ambayo nusu yake haigawanyiki. Kwa viini viwili, dakika 5 zinabaki palepale, na 5 nyingine zinakuwa 2 na nusu. Jumla 7 na nusu.

Utakapouona utamu ni pale mambo mawili yanapogongana. Antivirusi inapekua flashi ya mteja, hapohapo unataka kuchapa kurasa zake. Kwenye kiini kimoja kishale cha mausi kinaruka-ruka, Word inaganda, mteja anakutazama. Kwenye viini viwili antivirusi inahangaika na kiini chake, wewe unaendelea kuandika.

Windows inanionyesha grafu mbili za prosesa, na mashine ni Pentium 4 HT. Si tayari nina viini viwili?

Hapana. HT ni Hyper-Threading, iliyoingia kwenye Pentium 4 za mezani mwishoni mwa 2002. Kiini ni kimoja kinachojitambulisha kama viwili, ili kazi ya pili itumie sehemu ambazo ya kwanza imeziacha wazi kwa muda huo. Inasaidia kidogo, lakini haifiki viini viwili vya kweli.

Naishi Bagira, mashine inatumia sola na betri, mara chache jenereta. Fundi ana Pentium D 840 ya bei rahisi sana. Ni viini viwili kweli?

Ni viini viwili kweli, papa, na usiichukue. Pentium D ya mwaka 2005 ni kama Pentium 4 mbili zilizowekwa kwenye kifuniko kimoja, pamoja na joto lake lote. Kipimo cha joto cha 840 ni wati 130. Core 2 Duo E6300, au Pentium E5200 iliyofuata, ni wati 65, na zinafanya kazi haraka zaidi. Kwa mtu wa betri, tofauti hiyo ni saa za kazi kila jioni. Urahisi wa bei ya leo utaulipa kwa mafuta ya jenereta.

Kama ubao wako unaishia kwenye Pentium D tu, ipo 820 ya wati 95, ila kwa umeme wa sola ningekaa na ile uliyonayo nikaongeza RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Pentium D ni ya kumshauri mtu mwenye umeme wa kutosha na feni nzuri, wala si wewe.

Orodha inasema ubao wangu unakubali Core 2 Duo, lakini kwa BIOS mpya tu. Naogopa kuibadilisha, umeme wa huku Panzi unakatika bila taarifa. Nifanyeje?

Uoga wako ni wa haki, kaka. Umeme ukikatika katikati ya kuandika BIOS, ubao hauwaki tena, na kuuokoa kunahitaji kifaa cha kuandikia chipu ambacho mafundi wachache wanacho. Kazi yenyewe inachukua dakika chache, lakini hizo dakika hazitaki mchezo.

Anza kwa kutazama toleo la BIOS ulilonalo: CPU-Z inalionyesha, na linaandikwa pia kwenye skrini wakati mashine inawaka. Huenda tayari unalo jipya, kwani mashine za ofisi mara nyingi zilisasishwa huko zilikotoka. Kama bado, pakua faili la jina hasa la ubao wako pamoja na toleo lake, ile namba ndogo inayoandikwa "rev". Faili la ubao unaofanana tu na wako linaweza kuua wako.

Halafu utaratibu, maana hapa ndipo wengi wanakwama: BIOS inabadilishwa prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Ukishafunga mpya, mashine haitawaka ili uibadilishie.

Kuhusu umeme, tumia UPS (kifaa cha betri ya akiba) ambayo umeipima: chomeka mashine, vuta waya wa UPS ukutani, uone inashikilia dakika 15 au zaidi. UPS nyingi za okazioni zina betri iliyokufa na zinazima hapohapo. Kama huna, omba kwa rafiki kwa siku moja, au peleka kasha lako mahali penye betri za sola na inveta nzuri. Sipendi kufanya kazi hii kwenye jenereta ndogo, umeme wake unayumba na mafuta yanaweza kuisha. Na kama huna hata kimoja kati ya hivyo, subiri.

Naogopa kuharibu wakati wa kufunga. Niangalie nini hasa?

Washa mashine dakika kumi kabla, pasta ya zamani iliyo kati ya prosesa na kipoza joto ipate joto na kulainika. Kisha zima, chomoa waya, gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini utoke. Kipoza joto kizungushe kidogo kulia na kushoto kwanza, usikivute moja kwa moja.

Kwenye soketi 775 pini ziko kwenye ubao, siyo kwenye prosesa, na ni laini kuliko zinavyoonekana. Inua mkono wa chuma, fungua fremu, kisha mulika pini kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Zinatakiwa zing'ae zote kwa usawa, mstari kwa mstari. Ukiona doa jeusi au pini moja inayong'aa kivyake, imepinda. Prosesa ina mikato miwili pembeni inayokutana na vijino viwili vya soketi. Ilaze tu, usiisukume. Nguvu pekee inayotumika ni ya ule mkono wa chuma unapoushusha.

Futa pasta iliyokauka kwa kitambaa na alkoli ya farmasi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele katikati. Kipoza joto cha Pentium 4 kinafaa, maana kilizoea joto kubwa zaidi. Kama ni kile cha miguu minne ya plastiki, bonyeza miguu kwa mshazari, ukisikia "tak" kila mguu, halafu chungulia nyuma ya ubao uone kila mguu umepenya. Usisahau kurudisha plagi ndogo ya umeme ya waya nne karibu na prosesa, siyo ile ya feni. Bila hiyo hakuna kitakachotokea, na utaanza kulaumu prosesa bure.

Nimefunga, inawaka, BIOS inasema viini viwili. Windows XP inaonyesha kimoja. (Mwalimu, Walungu)

Mwalimu, XP yako iliwekwa wakati kuna kiini kimoja, ikachagua mpangilio wa kiini kimoja. Waliotoka kwenye Pentium 4 yenye HT hawapati shida hii. Fungua "Gestionnaire de périphériques", nenda kwenye "Ordinateur". Ukikuta "PC monoprocesseur ACPI", sasisha dereva uchague mwenyewe "PC multiprocesseur ACPI", kisha washa upya. Usichague kitu kingine katika orodha hiyo, mashine inaweza kukataa kuwaka. Hifadhi kwanza maswali ya mitihani kwenye flashi. Na kwa kuwa XP haipati marekebisho ya usalama tangu Aprili 2014, mashine hiyo isiingie intaneti.

Yangu ni AMD. Na ile ya nyumbani ni soketi 478.

Soketi 478 haina prosesa ya mezani yenye viini viwili, wala 754 ya AMD. Soketi 939 inapokea Athlon 64 X2, iliyotoka 2005, na AM2 ya 2006 vilevile. Kwa AMD pini ziko chini ya prosesa, na pasta iliyokauka huing'oa pamoja na kipoza joto huku soketi ikiwa imefungwa. Zungusha kwanza, kama nilivyosema hapo juu.

Niko na pesa ya kitu kimoja tu: prosesa, RAM au diski ya SSD? Na viini viwili vitaniwezesha kuweka Windows 11? (Dada, Nyawera)

Windows 11 iondoe kwenye hesabu, dada. Ni kweli inadai viini viwili, lakini inadai pia TPM 2.0, sehemu ya usalama ya mashine, na prosesa za miaka ya karibuni, na tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 Core 2 Duo haiwezi hata kuiwasha. Windows 10 nayo ilimaliza msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hizi ninaziwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na mashine ya viini viwili yenye GB 4 za RAM inaandika na kuchapa vizuri.

Kuhusu pesa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc ukiwa katika kazi zako za kila siku, utazame. RAM ikiwa imejaa na taa ya diski haizimi, nunua RAM. RAM ikiwa na nafasi na prosesa iko 100% muda wote, nunua prosesa. Kama vyote viwili vimetulia na bado unangoja, ni diski. SSD utaihamishia kwenye mashine nyingine siku hii itakapokufa. Prosesa ya 775 itabaki na 775.

Ile prosesa ya zamani niitupe?

Hapana. Iweke kwenye karatasi ngumu ndani ya bahasha. Siku ubao ukisumbua au BIOS ikirudi ya zamani baada ya matengenezo, ndiyo itakayouwasha. Na kama huitaki kabisa, mpe fundi anayejaribia mbao, atakupunguzia gharama ya kazi.