Jibu: Ramani ya Ukara kutoka rangi moja

Salaam mkuu, kutoka hapa Mwanza. Umesema ramani ya maeneo yanayoufaa mmea wako imetoka rangi moja kisiwa kizima cha Ukara, huku Ziwa Victoria. Kabla hujagusa MaxEnt (programu inayokadiria mmea unaweza kuota wapi), angalia ukubwa wa pikseli, yaani vimraba vya ramani, za data yako. WorldClim, data ya hali ya hewa ya dunia, ya dakika 10 (dakika za digrii, si za saa) ina pikseli zenye upana wa kilomita 18 hivi. Kisiwa chote kinamezwa na moja au mbili. Pakua ya sekunde 30, ambayo ni kama kilomita 1.

Halafu weka pointi zako, yaani mahali mmea ulipoonekana, juu ya picha ya setilaiti. Zile za sampuli za zamani mara nyingi huangukia majini, nawe hujui.

Kinachoharibu kazi nyingi ni pointi za mandharinyuma, zile modeli inazolinganisha na mahali mmea ulipo. Ukizitawanya Tanzania nzima, modeli itajifunza tu kutofautisha ziwa na Dodoma. Zibane visiwani na mwambaoni: Ukerewe, Rubondo, hadi Musoma. Vigezo vyote 19 vya hali ya hewa vya WorldClim usivitie. Vinavyokwenda pamoja, bakiza kimoja. Ongeza mwinuko na udongo, maana kisiwa kidogo hali ya hewa yake haitofautiani sana, lakini ukitoka kwenye majabali kwenda bondeni, mimea inabadilika kabisa. Una pointi ngapi? Ziweke hapa tuzitazame.