Ukikutana na vetus, tafuta mwaka ulio ndani yake

Katika mtihani wangu wa kwanza wa Kilatini, nikiwa seminari ndogo, niliandika veteria palipotakiwa vetera, na veterium palipotakiwa veterum, yote maumbo ya kivumishi vetus, yaani “kuukuu” au “-a kale”. Padre aliyetufundisha hakunikaripia. Alipiga mistari miwili myekundu na kuandika pembeni kwamba nitafute kwanza neno hilo ni mtoto wa nani. Nilidhani ananikejeli.

Kosa langu lilikuwa la mwanafunzi aliyekariri vizuri. Vivumishi vingi vya kundi la tatu la unyambuaji wa Kilatini, kama felix (“mwenye heri”), huishia na -i katika ablativu ya umoja (umbo la “kwa” au “kutoka”), -ium katika jenitivu ya wingi (umbo la umiliki), na -ia katika wingi wa jinsia isiyo ya kiume wala ya kike: felici, felicium, felicia. Kanuni hiyo nikaivisha vetus, neno ambalo vazi hilo halikushonewa.

Kwa maoni ya wanaisimu wengi, vetus lilianza kama nomino yenye maana ya mwaka, ile ile ambayo kwa Kigiriki ni etos. Hata vitulus, ndama, huhesabiwa katika ukoo huo, kwa kuwa ni mnyama wa mwaka mmoja. Kitu kilicho vetus, basi, ni kitu chenye miaka, kama nasi tunavyosema “mtu wa miaka mingi”. Sasa liweke kando ya nomino genus, “aina”: genus, generis, genere, genera, generum; na vetus, veteris, vetere, vetera, veterum. Ni ndugu wa tumbo moja. Hiyo r ya katikati nayo ilikuwa s, ikageuka ilipobanwa kati ya irabu mbili, kama flos, “ua”, linavyotoa floris.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asiandike vetus peke yake katika daftari, bali aliandike pamoja na veteris na, kwenye mstari huo huo, genus na generis. Kisha alisome ndani ya sentensi anayoijua kwa Kiswahili. Mimi lilinikaa kwa Mathayo 9:17, habari ya divai mpya isiyotiwa katika viriba vikuukuu: in utres veteres. Ablativu veteri utaikuta pia, hasa kwa washairi, usiisahihishe.

Penye kuhitaji kukariri kweli ni katika kulinganisha. “Kuukuu zaidi” kwa kawaida ni vetustior, umbo lililoazimwa kwa vetustus, lakini “kuukuu kuliko vyote” ni veterrimus, lenye r mbili kama pulcherrimus, “zuri kuliko yote”. Hapo nilipoteza alama nyingine mbili, na safari hiyo Padre hakuandika chochote pembeni.